Asante Iliyovaliwa Kinyume

Siku binti yangu aliponiambia kwamba tangu asubuhi amekodi maoni ya watu mia tatu, niliweka mkasi chini.

"Umekodi kwa pesa ya nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Si kukodi huko, Mama. Nayapa kodi."

"Kodi! Mpaka maoni ya watu nayo yanalipa kodi siku hizi?"

Baba yake alikuwa mlangoni akivua buti zake za kazi. Alicheka mpaka akakaa kizingitini na buti moja mguuni. Mimi sikucheka. Kila jambo la binti yule lilinitia hofu tangu siku nilipomzaa, maana alitoka tumboni hakulia. Mkunga alimpiga kofi, akafumbua macho, akamtazama mkunga kama anayesema, "Nimesikia, huna haja ya kurudia." Hapo ndipo lilipoanzia jina lake la utani, na ndilo tunalomwita hadi leo: Kimya.

Nasimulia habari zake kwa sababu nimeziona kutoka kwenye kiti changu cha cherehani, meza yake ikiwa karibu kiasi cha kumnyooshea mkono, na kwa sababu mwisho wake bado unaniamsha asubuhi nikitabasamu. Mimi nashona sare za shule. Shule yenyewe niliiacha mapema, lakini macho sijambo, na masikio ndiyo usiseme.

Kimya alikua vilevile alivyozaliwa. Walimu walikuwa wakiniita na kuniambia, "Mama, mtoto anajua, ila hasemi." Alipomaliza shule alipata kazi kwenye duka la kutoa kopi, akaachishwa kwa sababu wateja walisema anaringa. Haringi. Ukimuuliza swali anaanza kwanza kulitafutia jibu, na watu siku hizi hawangoji. Akaenda kukaa mapokezi kwenye gereji, huko nako wakasema simu ikilia anaitazama kana kwamba inamtukana. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aliponiona nikiingia kwao bibi harusi, alisema, "Huyu mngempeleka akalinde makaburi. Wateja wa kule hawaulizi kitu."

Akasoma masomo ya jioni ya ustawi wa jamii hadi akapata stashahada. Ndipo akachukuliwa kwa majaribio kwenye ofisi ndogo ya utafiti: vyumba viwili juu ya duka la dawa, unapanda kwa ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga. Mkubwa wa ofisi ile ni mama mmoja mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mkufu, na kila mtu anamwita Bosi. Kazi ya ofisi ni kuwasikiliza watu wengi kwa niaba ya wakubwa wasio na muda wa kusikiliza.

Safari ile hospitali moja ilitaka kujua watu wanasema nini kuhusu wodi yake ya wazazi. Hospitali ilikuwa na ukurasa kwenye mtandao, na chini ya kila picha watu walikuwa wameandika: wanaoshukuru, wanaolia, wanaotukana, wanaouliza duka la jirani linafungwa saa ngapi. Maoni yalikuwa maelfu. Ofisi iliyakusanya, ikafuta majina ya wenyewe na kuweka namba, ikayaingiza kwenye programu maalumu ya kompyuta.

Kimya alinielewesha programu ile polepole. Unalisoma oni moja. Unachagua maneno yenye jambo, unayabandika kijina kidogo: "maji," "foleni," "lugha ya wauguzi." Kijina hicho ndicho wanachokiita kodi. Ukibandika vya kutosha, unaweza kuiambia kompyuta, "Niletee wote waliosema maji," ikakuletea, hata kama mmoja aliandika mwaka jana na mwingine jana jioni.

"Kumbe ni kama kutenga nguo za kufua," nikasema.

"Ni kama kutenga nguo ambazo hujui ni za nani, Mama, na zingine zimefungwa pamoja kwa fundo."

Tatizo lilikuwa hili. Wanafunzi wa kazi walikuwa wawili, na nafasi ilikuwa moja. Mwenzake alikuwa kijana waliyemwita Mtanashati, kwa ajili ya viatu vyake ambavyo, Kimya alisema, vilikuwa vinaingia ofisini kabla yake. Bosi aliwapa wote maoni yaleyale, kila mmoja ayachambue kivyake. Baada ya hapo kila mmoja angesimama mbele ya watu wa hospitali na kueleza alichokiona. Atakayeeleweka ndiye atakayebaki.

Asimame. Aeleze. Mbele ya watu. Binti yangu! Niliposikia hivyo sindano ilivunjika kwenye kola ya shati la mtoto wa watu.

Kwa kuwa ofisini meza hazikutosha, alikuwa akija na kompyuta nyumbani mchana, akaiweka karibu na dirisha ninapofanyia kazi. Mimi nikakanyaga cherehani, yeye akabofya. Nilimchunguza, sitaki kusema uongo. Siku za mwanzo alibandika kodi kila kitu kilichopita mbele yake. Mtu akisema shuka, kodi. Akisema shuka la bluu, kodi nyingine. Akaenda kumwonyesha Bosi, akarudi uso umemshuka.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Binti, hizi si kodi. Umeniandikia kamusi.'"

Akakaa, akaanza kuziunganisha. Shuka la bluu likaingia kwenye shuka, shuka likaingia kwenye vifaa, na vifaa vikapata mahali pao. Nilimwona uso ukimrudi kidogokidogo. Alikuwa akitikisa kichwa, akicheka peke yake bila sauti, mara akafuta machozi kwa sababu ya mtu ambaye kwake alikuwa namba tu.

Wifi alipita siku moja kuchukua sketi ya mwanawe, akamkuta ameinamia skrini.

"Shangazi, shikamoo," Kimya akasema.

"Marahaba. Bado uko kwenye mtandao tu? Tangu juzi?"

"Ndiyo kazi yangu, Shangazi."

Wifi akanigeukia. Akavuta ile sauti yake ya kusuta. "Eti kazi! Kusoma ugomvi wa watu! Hongera, wifi. Hongera sana. Wenzetu wanazaa madaktari."

Lilinichoma, lakini sketi alikuwa hajailipia, nikanyamaza.

Kisha Mtanashati akamaliza. Programu ile ina kitufe, ukikibofya yenyewe inapita kwenye maoni yote na kuyatenga: mazuri kule, mabaya huku. Ofisi ilikuwa imeilisha maneno ya kutambulia: asante na hongera na jina la Mungu ni mazuri, moto, hatari, balaa na kufa ni mabaya. Mtanashati alibofya, akapata matokeo, akayatengenezea picha za rangi. Bosi akazipenda hata akawapelekea hospitali muhtasari wa mwanzo. Kimya alikuwa hajafika hata nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua. "Mwenzako kamaliza."

"Najua, Mama."

"Kitufe si na wewe unacho?"

"Ninacho."

"Sasa unakiwekea nini, mapambo?"

"Kinasoma maneno, Mama. Hakiwasomi watu."

"Watu wakilala njaa huwezi kuwalisha methali!" nikasema, na baba yake, aliyekuwa akinywa chai, akaniambia nipunguze moto, nitaunguza nyumba.

Basi siku ile, nadhani ili nimwachie apumue, akakibofya. Tukasogea wote watatu kutazama. Kwanza likatokea kama wingu, limejaa maneno. Linalotajwa sana linakuwa kubwa. Katikati ya wingu pale palikuwa na ASANTE, nene kama geti analochomelea mume wangu. Nikafurahi. "Unaona? Watu wameridhika!" Kisha likaja fungu la mabaya, na juu kabisa palikuwa na neno moja: MOTO.

"Moto?" baba yake akaweka kikombe chini. "Wodi ya wazazi imeungua?"

"Sijasikia," Kimya akasema.

"Na ni mara nyingi! Kila wiki panawaka! Hiyo ni hospitali au tanuri?"

Nikashika kifua, kwa sababu binti wa jirani yetu alikuwa amejifungulia kulekule. Kimya akafungua fungu lile ili ayaone maoni yenyewe. Akasoma kwa sauti, sauti yake ndogo, "Mkunga wa zamu ya jioni ni moto wa kuotea mbali."

Tukatazamana. Akasoma la pili. "Yule dada wa jioni ni moto, usiombe ukutane naye bila kujiandaa, mtoto atatoka kabla hujavua kandambili." Akasoma la tatu, nalo ni mkunga yuleyule, na la nne.

Mume wangu alianza kucheka kwa pua, kisha kwa mabega, kisha chai ikamwagika. "Mkunga anasifiwa," akasema, "mashine inaita zimamoto!"

Nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilipofuta macho nilimwona Kimya hacheki tena. Alikuwa ameganda, kidole kimesimama hewani. Namjua mwanangu. Akinyamaza ndani ya ukimya wake, kuna jambo.

"Kama moto ni sifa," akasema taratibu, "basi asante ni nini?"

Akafungua fungu kubwa lile la mazuri. Akaanza kutusomea.

"Asanteni sana wodi ya wazazi, mmenifundisha kulala sakafuni na uchungu wangu."

"Hongereni kwa bomba zuri linalong'aa. Maji mtaleta lini?"

"Watu wa dirisha la mapokezi, Mungu anawaona."

Hilo la mwisho nililijibu mimi mwenyewe bila kufikiri: "Hilo ni apizo!" Kila mtu analijua. Mtu akikuambia Mungu anakuona, hakubariki. Amekushtaki.

"Yote haya yamewekwa kwenye mazuri," Kimya akasema. "Hospitali imeambiwa watu wamefurahi." Na usoni pake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake kwenye duka la kopi wala kwenye gereji. Alikuwa na hamu.

Kuanzia mchana ule hakukigusa tena kile kitufe. Alirudi kusoma oni moja moja. Siku ya pili akageuka kunitazama nikiwa natoa shati kwenye cherehani na kuligeuza, maana sisi tunashona nguo ikiwa ndani nje.

"Mama, nguo ikivaliwa kinyume unajuaje? Kama kitambaa kina uso mmoja pande zote?"

"Mishono," nikasema, bila kujua anaelekea wapi. "Mshono haufichiki. Utauona mahali."

Akaandika. Alipotoka kwenda kunywa maji nikachungulia kwenye skrini, nikakuta kodi mbili mpya: "Sifa iliyovaliwa kinyume" na "Lawama iliyovaliwa kinyume." Chini yake alikuwa ameandika namna ya kuutafuta mshono. Asante inayomtaja mtu na alichokifanya, kama "asante sista wa zamu ya usiku, ulinishika mkono hadi mwisho," hiyo imevaliwa sawasawa. Asante inayoelekezwa kwa "nyie" wote halafu ikafuatwa na kitu kinachokosekana, hapo mshono uko nje. Neno kali linalomfuata mtu mmoja anayependwa, kama moto, hatari, balaa, huyo anatisha, hiyo ni sifa.

Na palikuwa na fungu la tatu. "Haijulikani."

"Hili la nini?" nikamuuliza aliporudi, maana alijua nimechungulia.

"Huyu kaandika tu, 'Asanteni kwa huduma yenu.' Basi. Sioni mshono."

"Huyo anasuta."

"Labda. Labda alijifungua salama akawa hana nguvu za kuandika zaidi. Sijui, Mama, na siwezi kumbandika nisichokijua."

Nikaona hili litamponza. Mtu anayetafuta kazi anasema "sijui"? Lakini lililofuata ndilo lililoninyima raha kabisa. Akaniambia anahitaji mtu wa pili asome sehemu ya maoni yaleyale kwa kanuni zake bila kuona alivyoyatenga yeye, kisha walinganishe. Wakikubaliana kwa mengi, kanuni zina nguvu. Wakipishana, kuna mahali amekosea.

"Basi nitakusomea mimi," nikasema. "Au baba yako."

"Ninyi mmeshanisikia nikisoma kwa sauti. Nitamwomba Mtanashati."

Nilisimama. "Mtanashati! Adui yako umpe mkuki na umwonyeshe na pa kuchoma?"

"Si adui, Mama. Ni mwenzangu."

"Nafasi ni moja! Atachukua maneno yako aende akayaseme kwa mdomo wake, na mdomo anao! Wewe huna!"

Neno likanitoka hivyo hivyo. Kimya akainamisha kichwa, akachomoa waya wa kompyuta, akaukunja vizuri. "Nikisimama peke yangu na haya, ni hisia za Kimya tu," akasema. "Tukisoma wawili tukaona kilekile, ni utafiti."

Mtanashati alikuja kesho yake mchana. Viatu aliviacha mlangoni na soksi yake moja ilikuwa na tundu, nikamwonea huruma kabla sijataka. Akanisalimu, "Shikamoo, mama," akakaa kwenye kigoda na kompyuta yake mapajani, mgongo kwa mgongo na binti yangu wasionane. Mimi nikakanyaga cherehani bila uzi, ili nisikie vizuri.

Mara akacheka. Mara akanyamaza. Baadaye nikamsikia, "Mungu wangu, huyu niliwaambia amefurahi!"

Walipolinganisha, walikuwa wameona kitu kimoja karibu kila mahali. Wakagombana juu ya machache. Mtanashati alishikilia kwamba "mmetuzoea" ni lawama, Kimya akamwambia, "Soma mstari wa chini, kaweka vicheko," wakavutana, mwisho wakaiandika upya kanuni moja. Alipokuwa anavaa viatu nilimfuata hadi nje.

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo uliyoyasoma ni jasho la mwenzio."

"Najua, mama," akasema, akaangalia viatu vyake. Akaondoka, nami nikaingia ndani nikiwa na hofu mara mbili ya ile niliyotoka nayo.

Siku yenyewe ya kueleza, nilikuwa nimemshonea koti. Kitambaa cha kijivu, kizuri, uso mmoja pande zote. Bitana sikuwahi kuweka, na asubuhi ile vifungo vilikuwa bado. Kimya akatangulia kwenda kupanga mashine ya kuonyeshea picha, nami nikashona kifungo cha mwisho nikamfuata na koti mkononi. Nilipanda zile ngazi za chuma zikinitangaza. Dada wa mapokezi akanionyesha kiti. Kati ya mapokezi na chumba cha mkutano kuna ukuta wa kioo, na mlango wao ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Niliona kila kitu.

Watu wa hospitali walikuwa wamekaa upande mmoja, katikati yao muuguzi mkuu, mama mnene mwenye uso wa mtu asiyedanganyika. Mtanashati alikuwa amesimama mbele, picha zake za rangi ukutani. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba jipya. Kimya akatoka upesi kuja kwangu, akalichukua koti pale kwenye kona penye giza, akalivaa harakaharaka, akarudi ndani kabla sijamwangalia.

Nikamsikia Mtanashati akisema, "Hii mnayoiona, robo tatu ya watu wakiwa wameridhika, ndiyo hesabu ya mashine. Niliiamini. Kisha nikasoma na mwenzangu kwa kanuni alizozitunga yeye, na sasa siiamini. Kwa hiyo mimi naishia hapa. Muulizeni yeye."

Akakaa. Mungu anisamehe kwa yote niliyomuwazia kijana yule.

Kimya akasimama. Na hapo ndipo nilipoona. Koti! Alikuwa amelivaa kinyume. Mishono yote nje, nyuzi nyeupe zimening'inia mabegani kama ndevu za mbuzi, mifuko imening'inia kama masikio. Mimi fundi, mwanangu, mbele ya watu wale! Nikainuka, nikapunga mkono kwenye kioo, nikajishika bega langu nikionyesha, geuza, geuza.

"Mama, kaa tafadhali," dada wa mapokezi akasema.

Binti yangu alisimama tu, kama pale kwenye duka la kopi, kama pale kwenye gereji. Bosi akavua miwani. Mtu mmoja akakohoa. Muuguzi mkuu akainama mbele, akasema kwa sauti ya mama yeyote, "Binti, koti lako."

"Lina nini?" Kimya akauliza.

"Umelivaa kinyume."

Kimya akajitazama kifuani, kisha akamtazama yule mama. "Mmejuaje?"

"Si hiyo mishono! Iko nje yote!"

"Naam," Kimya akasema. "Na nyingi kati ya asante zilizo kwenye ukurasa wenu zimevaliwa hivi hivi."

Kwanza hakuna aliyecheka, maana walikuwa wakielewa. Kisha Bosi akapiga meza kwa kiganja, na chumba kizima kikalipuka. Baada ya hapo, sijui niseme nini, mwanangu aliongea. Hakubadilisha sauti yake ndogo. Watu ndio walioinama kumfuata. Akaweka ukutani, "Hongereni kwa bomba zuri linalong'aa. Maji mtaleta lini?" Akawauliza, "Mshono uko wapi?" Wakajibu kwa pamoja, kama darasa, "Maji!" Akaweka ile ya Mungu anawaona, na mzee mmoja wa hospitali akasema, "Loo, hiyo mimi niliisoma nikasema amina."

Kisha akaweka ya moto.

Muuguzi mkuu akajishika mdomo. "Huu ndio moto mliotuandikia kwenye muhtasari? Na sisi tumeita watu wamekagua nyaya za umeme wodi nzima!"

"Nyaya ni nzima?" Bosi akauliza, uso umemwiva kwa aibu.

"Nzima kabisa! Kumbe ni yule binti wa jioni!"

Walipotulia Kimya akaeleza alichokiona baada ya kila nguo kugeuzwa upande wake: watu wanawasifu wauguzi na wakunga, mmoja mmoja, hata kwa maneno makali, wanacholalamikia ni maji, vitanda na lile dirisha la mapokezi. "Wanasifu mikono," akasema, "wanalaumu kuta." Muuguzi mkuu akaliandika hilo.

Bosi akamuuliza, "Na hili fungu lako la haijulikani? Mbona hukuamua?"

Nilifumba macho.

"Kwa sababu sijui," Kimya akasema. "Nikiamua, nitakuwa nimewasemea."

"Afadhali," muuguzi mkuu akasema kabla Bosi hajafungua mdomo. "Mtu anayejua asichokijua namwamini kwa anachokijua."

Walipotoka, Bosi alikuja mapokezi akasimama mbele yangu, mrefu vile. Nikasimama na mimi.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Kazi ni yake. Kuanzia mwezi ujao yeye ndiye atakayewafundisha watakaokuja programu hii." Akashusha sauti. "Ila hilo koti mlitie bitana."

Mtanashati alitangulia kunipa mkono kwenye zile ngazi. Siku hizi yuko ofisi nyingine, na kila wiki wanapigiana simu kugombana juu ya asante ya mtu fulani, nami nakanyaga cherehani bila uzi. Nasikia pia kwamba muuguzi mkuu aliyachapa maoni yote ya moto akampa yule mkunga wa jioni, naye ameyabandika kwenye kabati lake.

Nyumbani baba yake alitaka kujua jambo moja tu. "Niambie ukweli, mwanangu. Koti ulilivaa kinyume kwa kusudi?"

Kimya akamtazama. Akafikiri. Akatabasamu, akaendelea kunywa chai yake. Mpaka leo hajajibu, na baba yake anasema hiyo nayo tuiweke kwenye fungu la haijulikani.

Kesho yake wifi akaja. Habari zilikuwa zimemfikia, kama zinavyomfikia zote. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akamwangalia Kimya aliyekuwa dirishani na kompyuta, akaniangalia mimi.

"Hongera, wifi," akasema.

Nikasimamisha cherehani. Nikamtazama mdomoni, nikamtazama machoni, nikangoja lile neno la pili ambalo huwa linafuata. Halikufuata. Alikuwa na machozi, masikini, na alikuwa akihangaika kuyaficha kwa ncha ya khanga.

Nilitafuta mshono kila mahali. Sikuuona.

"Asante, wifi yangu," nikamwambia. "Ingia ukae."